Kusimama, Kukaa na Kunyanyua Mikono: Kisa cha Mahmoud Abdul-Rauf na Makosa ya Waliokisimulia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Imetufikia, kupitia simu za vijana wetu wa darsa, khutba moja iliyorekodiwa ambayo khatibu wake anasimulia kisa cha mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Mahmoud Abdul-Rauf, na ule wimbo wa taifa wa mwaka 1996. Khatibu hatutamtaja jina, kwani tunachokijadili ni maneno, si mtu. Anasema kwamba ndugu yetu huyo alikataa kuiabudu bendera, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na hakusimama tena kwa ajili ya wimbo ule hadi leo. Waumini wanasikika wakileta takbira. Kisha khatibu anatoa hukumu: kila Muislamu anayesimama wimbo wa taifa unapopigwa, awe wapi na awe na nia gani, ameichafua tauhidi yake.

Vijana walitutaka tuseme neno. Tumeona bora liandikwe, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kisa kimesimuliwa kinyume na kilivyotokea, na umma ambao wanachuoni wake walisafiri miezi kwa miezi kuhakiki hadithi moja haufai kuridhika na habari isiyo na mshiko eti kwa kuwa inasisimua. Sababu ya pili inatugusa sisi wenyewe: khutba hiyo tuliwahi kuitoa.

Mwaka 1996 tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, tumerudi karibuni kutoka masomoni, tumejaa nahau na sarfu kichwani na pupa kifuani. Habari ilitufikia kwa redio. Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari tukamfananisha na Bilal (R.A.) chini ya jiwe. Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba amekubali kusimama. Hatukuuliza amesimama vipi wala kwa makubaliano gani. Tulisema barazani, mbele ya watu, kwamba dunia imemshinda, na kwamba fedha za Marekani zina nguvu kuliko imani za wachezaji wake. Hakuna aliyetusahihisha, nasi hatukurudi nyuma kujisahihisha. Makala hii basi, pamoja na kuwa ni uhakiki wa khutba ya mwenzetu, ni malipo ya deni letu kwa Muislamu tuliyemsema akiwa hayupo.

Kilichotokea

Mahmoud Abdul-Rauf alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Gulfport, jimbo la Mississippi, akiitwa Chris Jackson. Alilelewa na mama yake katika umaskini, naye ana maradhi yaitwayo Tourette, ambayo humfanya mtu ajitikise na kutoa sauti bila ya hiari yake. Aliwahi kueleza kwamba maradhi hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlazimisha kurudia mtupo mmoja mara kwa mara mpaka nafsi yake itue. Alisoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na mwaka 1990 timu ya Denver Nuggets ikamchukua akiwa wa 3 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa nchi nzima. Alisilimu mwaka 1991, na mwaka 1993 akabadilisha jina. Alikuwa mchezaji wa daraja la juu kabisa. Mwezi Februari 1996, timu ya Chicago Bulls iliyoshindwa mechi 10 tu katika 82 za msimu mzima, moja ya hizo 10 ilishindwa na Denver, naye akafunga pointi 32 peke yake.

Katika msimu huo, kwa miezi kadhaa, alikuwa hasimami pamoja na wenzake wimbo unapopigwa. Mara hubaki chumba cha kubadilishia nguo, mara hujinyoosha viungo, mara hukaa. Hakuita waandishi wala hakutangaza lolote. Ni mwezi Machi tu ndipo jambo likaanza kuvumishwa, akaulizwa, akajibu. Maana ya jibu lake ilikuwa kwamba bendera ile kwa watu wengi ni alama ya dhulma, kwamba nchi ile ina historia ndefu ya uonevu, na kwamba Qur'ani haimruhusu mtu kuwa upande wa Mungu na upande wa dhulma kwa wakati mmoja.

Tarehe 12 Machi 1996 uongozi wa ligi ukamsimamisha bila malipo, kwa kutegemea kanuni yake kwamba wachezaji na makocha wajipange na kusimama kwa heshima wimbo unapopigwa. Kila mechi ambayo angeikosa ingemgharimu dola 31,707. Alikosa mechi moja. Baada ya siku mbili ikatangazwa kwamba pande zote zimekubaliana: atasimama, lakini wakati wimbo unapigwa yeye atakuwa katika dua, akiwaombea wanaoteseka wa kila rangi na kila dini. Tarehe 15 Machi, mjini Chicago, akasimama katika mstari, akainamisha kichwa, akanyanyua viganja vyake usoni kama tunavyonyanyua baada ya sala. Watazamaji wakamzomea.

Kwa hiyo hakufukuzwa siku hiyohiyo, na wala si kweli kwamba hakusimama tena. Mwezi Juni mwaka huohuo Denver ilimhamishia Sacramento, na baada ya misimu miwili hakupata mkataba akaenda kucheza Uturuki. Alirejea msimu mmoja tu, wa 2000 hadi 2001, katika timu ya Vancouver. Alikuwa na miaka 32 ligi ilipoachana naye kabisa. Mwaka huohuo wa 2001 nyumba yake aliyokuwa akiijenga Mississippi ikateketea kwa moto. Mwenye kutaka kuyajua haya kwa urefu atayapata katika kitabu chake *In the Blur* cha mwaka 2022 na katika filamu ya *Stand* ya mwaka 2023. Khatibu wetu asingehitaji kuongeza chochote; kweli yenyewe inatosha, na ina uchungu kuliko uongo alioutia.

Hoja ya kusimama

Sasa tuingie katika hukumu. Khatibu ametegemea hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Muawiya (R.A.), ambaye alitoka mbele ya watu, baadhi wakasimama kwa ajili yake, akawaamrisha wakae na kuwakumbusha onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya moto kwa mwenye kupenda watu wamsimamie. Hadithi ni sahihi na hatuna la kupinga. Lakini tazama onyo linamuelekea nani: linamuelekea anayesimamiwa na kulipenda jambo hilo. Aliyesimama hukumu yake inatafutwa pengine.

Na huko pengine dalili si moja. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba hapakuwa na mtu aliyependwa na Masahaba kuliko Mtume (S.A.W.), na bado hawakuwa wakimsimamia walipomuona, kwa kuwa walijua halipendi jambo hilo. Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amekaa kwa maradhi, Masahaba wakasali nyuma yake wamesimama, akawaashiria wakae, kisha akawatahadharisha wasiige Waajemi na Warumi ambao husimama mbele ya wafalme wao waliokaa. Kwa upande mwingine, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliwaamrisha Ansari wamsimamie Saad bin Muadh (R.A.) alipofika, naye ni majeruhi juu ya punda. Na hao hao wawili wamepokea kwamba alisimama lilipopita jeneza, akaambiwa ni la Myahudi, akawajibu kwa swali: kwani hiyo si nafsi?

Kutokana na mgongano huu wa dhahiri, wanachuoni wakagawanyika. Imamu Nawawi aliandika risala nzima kuruhusu kusimama kwa ajili ya watu wa elimu na fadhila. Ibnul Haj, wa madhehebu ya Maliki, akaichukua risala hiyo katika kitabu chake cha Al-Madkhal akaijibu hoja moja baada ya nyingine, na kwamba Ansari waliambiwa wasimame ili wamsaidie Saad kushuka ikawa ni moja ya hoja zake. Sisi tumesomeshwa katika madhehebu ya Shafii na nyoyo zetu zinaelekea kwa Nawawi, lakini hilo si la kulifanyia ugomvi. Linalotuhusu hapa ni kwamba mabingwa hawa wawili walikuwa wakibishana kama kusimama ni mustahabu, ni mubaha au ni makuruhu. Hatukuona katika hao wawili aliyesema kwamba kusimama kwenyewe ni shirki. Kusujudu kuna hukumu yake, na kusimama kuna hukumu yake. Khatibu amezichanganya, na akajenga juu ya mchanganyiko huo hukumu inayowagusa mamilioni.

Hatukatai kwamba ana wenzake. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia imetoa jibu kwamba kusimama kwa kuutukuza wimbo wa taifa au bendera hakujuzu, na imelihesabu ni bidaa, ni njia inayoweza kuelekea kwenye shirki na ni kujifananisha na makafiri. Darul Iftaa ya Misri kwa upande wake imejibu kinyume, kwamba hayo ni mambo ya kidesturi ya kuonyesha mapenzi ya nchi na wala hayaingii katika mlango wa ibada. Mwenye kuifuata Kamati ya Saudi amefuata wanachuoni na hana lawama. Lakini hata Kamati hiyo imesema ni njia inayoelekea huko, haikusema kwamba kila anayesimama ameshafika. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayotenganisha fiqhi na kelele.

Jaafar mbele ya mfalme, na Jaafar siku ya Muuta

Kuna kisa ambacho kwetu ndicho cha karibu zaidi na jambo hili, nacho ajabu khatibu hakukigusa. Imamu Ahmad amepokea katika Musnad yake kutoka kwa Abdullahi bin Masuud (R.A.) habari ya Waislamu waliohamia Uhabeshi. Wajumbe wa Makuraishi walipoingia kwa Najashi walimsujudia, kama ilivyokuwa ada ya baraza lake. Waislamu walipoingia, Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akiwa msemaji wao, walitoa salamu na hawakusujudu. Walipoulizwa, Jaafar akaeleza kwamba wao hawamsujudii yeyote ila Mwenyezi Mungu.

Zingatia hali yao. Walikuwa wakimbizi katika nchi ya watu, chini ya mfalme wa dini nyingine, na maadui zao wamekaa palepale wakingoja kosa moja tu ili warudishwe Makka kwenye mateso. Kama kuna mahali pa kusema tufuate itifaki mambo yapite, ilikuwa pale. Hawakuifuata. Lakini tazama vilevile walichokifanya: waliingia walipoitwa, walisalimia, waliuliziwa dini yao wakajibu kwa adabu, na waliishi katika nchi ile miaka mingi bila ya kumfanyia khiyana mfalme wake. Waliikataa ibada peke yake.

Mtu huyohuyo, Jaafar, ndiye aliyeipokea bendera siku ya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, baada ya kuuawa Zaid bin Haritha (R.A.). Akaishika kwa mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto ukakatwa, akaikumbatia kwa vigasha mpaka akauawa. Wenye kuruhusu heshima ya bendera hukitegemea sana kisa hiki, na sisi tunaona wanakivuta kupita kiasi, kwa sababu bendera ya vitani ina kazi: ikianguka jeshi hutawanyika. Kiwanja cha mpira wa kikapu si Muuta. Hata hivyo kisa kinatufaa kwa jambo moja. Aliyekataa kuinama mbele ya kiti cha mfalme hakuona tatizo kukifia kitambaa, kwa kuwa alijua kipi ni ibada na kipi ni alama, na alama ile ilikuwa imesimamia nini.

Ilikuwa imesimamia nini: hapo ndipo kilipo kiini cha suala la Abdul-Rauf, na hapo ndipo tunapomhakiki yeye mwenyewe, kwa heshima zote. Katika maneno yake ya mwaka 1996 mlikuwa na hoja mbili zilizofungwa pamoja. Moja ni ya tauhidi: kwamba Muislamu haiabudu alama ya taifa. Nyingine ni ya uadilifu: kwamba alama hii hasa imebeba dhulma, na kuipa heshima ni kuitolea dhulma ushahidi wa uongo. Hoja hizi zinafanana kwa mbali, lakini hukumu zake ni mbalimbali. Kama kusimama ni shirki, basi makubaliano ya tarehe 14 Machi yalikuwa batili, kwani shirki haihalalishwi kwa kuongezewa dua juu yake. Kama ni ushahidi, basi namna ya kuutoa ina nafasi ya ijtihadi: unaweza kuutoa umekaa, na unaweza kuutoa umesimama na viganja vimefunguliwa. Sisi tunaelewa, kwa alichokifanya, kwamba hoja yake ya kweli ilikuwa ya pili. Laiti angeitenga na ya kwanza, wengi wetu tusingejikwaa. Lakini alikuwa na miaka 27, miaka mitano tu katika Uislamu, na vipaza sauti vimemzunguka. Sisi tuliokuwa na vitabu mbele yetu ndio tusio na udhuru.

Na hoja ya pili ina uzito. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inawaamrisha waumini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Wimbo wenyewe uliandikwa na Francis Scott Key mwezi Septemba 1814, Waingereza walipoishambulia ngome ya Baltimore. Key alikuwa mmiliki wa watumwa, na katika ubeti wa 3, ambao siku hizi hauimbwi, watumwa wametajwa kwa namna ambayo wanahistoria bado wanabishana kuhusu makusudio yake. Lahani ilichukuliwa kutoka kwa klabu moja ya starehe ya London. Ukawa wimbo rasmi wa taifa mwaka 1931 tu. Mjukuu wa mtumwa wa Mississippi akiusikiliza wimbo huo akaona haya kuukamatia heshima, tusimwambie kwamba amebuni. (Na sisi watu wa pwani tusilizungumze jambo la utumwa kama la majirani, soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na waliokuwa wakinunua walijua kusali.)

Mkao na maana yake

Anayedhani kwamba suala ni miguu tu, na aangalie historia ya hukohuko. Tarehe 16 Oktoba 1968, mjini Mexico, Tommie Smith na John Carlos walisimama jukwaani baada ya mbio za mita 200. Walisimama wima, vichwa wameinamisha, kila mmoja ngumi moja juu ndani ya glovu nyeusi. Hawakukaa, na bado waliondolewa katika michezo. Mwaka 2016 Colin Kaepernick wa San Francisco alianza kwa kukaa, akilalamikia mauaji ya watu weusi mikononi mwa polisi. Akashauriana na mwanajeshi mstaafu, Nate Boyer, akabadilisha akawa anapiga goti, kwa kuwa askari hupiga goti kwenye makaburi ya wenzao. Tangu msimu huo ulipokwisha hakupata timu tena, na mwaka 2019 ligi ikamalizana naye nje ya baraza.

Tulitafakari sana jambo hili la goti. Katika lugha zote tunazozijua, kupiga goti ni kunyenyekea kuliko kusimama. Wafalme walipigiwa magoti. Na hapa mtu amepiga goti mbele ya bendera, wenye bendera wakasema ametukana! Kama mkao ungekuwa na maana yake ya kudumu, wangefurahi. Ni dalili iliyo wazi kwamba maana ya mkao hutoka katika ada ya watu na makusudio ya mtendaji, jambo ambalo wanachuoni wetu wa misingi ya fiqhi walilijua kabla hawajazaliwa waliotunga kanuni za ligi hizi.

Mfano mwingine unatoka katika nchi ya Waislamu. Tarehe 21 Novemba 2022, katika Kombe la Dunia nchini Qatar, wachezaji wa Iran walisimama kimya wimbo wao wa taifa ulipopigwa kabla ya mechi na Uingereza, wakati nchi yao imejaa maandamano. Siku nne baadaye, dhidi ya Wales, wakauimba. Wimbo wa dola inayojiita ya Kiislamu! Tumuulize khatibu: walionyamaza walihifadhi tauhidi, na walipoimba wakaipoteza? Au suala lilikuwa ni dhulma na ushahidi, na hofu ya wanadamu juu ya jamaa zao? Akijibu kwa la pili, ameibomoa khutba yake.

Olajuwon, na wenye kanuni

Mwaka ule wa 1996 alikuwepo Muislamu mwingine mkubwa katika ligi ileile, Hakeem Olajuwon wa Houston, mzaliwa wa Nigeria. Yeye alitofautiana na Abdul-Rauf hadharani; kwa maana ya maneno yake, Muislamu mwema ni raia mwema, na dini inafundisha heshima. Wakati ule tulimwita kibaraka, Mwenyezi Mungu atusamehe. Olajuwon alikuwa ameupata uraia mwaka 1993 kwa kula kiapo kwa ulimi wake, na Suratul-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza ahadi. Alikuwa na njia yake ya kisharia. Anapokosea ni pale hoja yake inapochukuliwa kumfunga mwenzake. Olajuwon aliichagua nchi ile kwa hiari. Abdul-Rauf wazee wake waliletwa ndani ya jahazi wamefungwa minyororo. Raia wote wawili wana wajibu wa kutofanya khiyana, lakini huwezi kumdai wa pili mapenzi ya wa kwanza. Na heshima katika dini yetu haijawahi kuwa na maana ya kunyamaza.

Kuna hoja ya mkataba, nayo haipuuzwi: alisaini, na kanuni ilikuwepo. Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Ndiyo maana tunayaona makubaliano yale ya kusimama katika dua kuwa ni fiqhi iliyonyooka kuliko ile ya kwetu sisi tuliyemcheka. Alitimiza sharti la waajiri wake kwa miguu, na ulimi wake akaubakisha kwa Mola wake. Mtume (S.A.W.) siku ya Hudaibiya alikubali jina la utume lifutwe katika hati, Suhail bin Amr alipolikataa, na Umar (R.A.) akaumia mpaka akauliza maswali aliyoyajutia baadaye. Sisi tulikuwa na uchungu wa Umar bila ya elimu yake wala majuto yake.

Ama wenye kanuni, tutasema machache. Walidai heshima, na walipopewa mtu aliyeinamisha kichwa akiomba dua, wakamzomea. Mjini Denver kwenyewe, wafanyakazi wa kituo kimoja cha redio waliingia msikitini na vyombo vya muziki wakaupiga wimbo ule ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, wakakiita kichekesho. Walifunguliwa mashtaka. Wimbo unaotumika kuvunjia heshima watu walio katika nyumba yao ya ibada umeshatoa ushahidi wenyewe, pasi na mchezaji kukaa.

Tuje kwa vijana wetu, kwa kuwa wao ndio waliouliza. Wanasimama paredi asubuhi shuleni na wanataka kujua. Jibu letu ni kwamba maneno hutangulia mkao. Wimbo wa Tanzania, ambao lahani yake ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini ya mwaka 1897, maneno yake ni kumuomba Mungu, na wa Kenya, ambao lahani yake imetoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, nao ni dua. Hatuoni kwa Muislamu kizuizi cha kuitikia dua ya amani kwa nchi yake, akinuia kwa Mola wake. Na ambaye moyo wake haukutua, kwa kufuata fatwa ya wanaokataza, asimame kimya bila ya kumkufurisha mwenzake, wala asifanyiwe ubabe. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutouimba wimbo wa taifa. Si watu wa dini yetu, lakini mlango waliofunguliwa wao umefunguliwa na kwetu. Na ikitokea kijana akaona alama fulani imekuwa pazia la dhulma anayoijua kwa yakini, hapo ndipo amsome Abdul-Rauf, na amsome mpaka mwisho: alivyokaa kimya miezi bila kutafuta sifa, alivyojibu alipoulizwa, alivyosimama akiomba, na alivyolipa.

Mwaka 2020 chuo chake cha zamani kilitundika fulana yake namba 35 kwa heshima, miaka 30 baada ya kuondoka. Kitabu chake kilichapishwa na nyumba ya uchapishaji ya Kaepernick. Isnadi hiyo nayo ni ya ajabu.

Kwa upande wetu, tumemuomba imamu wa msikiti ule tuliokhutubu mwaka 1996 atupe dakika kumi baada ya sala ya Ijumaa, naye amekubali. Wengi waliotusikia siku ile wameshatangulia mbele ya haki. Watoto wao wapo, na baadhi yao ndio walioturushia ile khutba kwenye simu.

Wallahu a'lam.